Harambee Niliyoiita Kwenye Mkutano wa Wasomi

Leo nitasema mwenyewe, kwa sababu Mama Furaha ameshaisimulia habari hii mtaa mzima wa Sparkhill na kila akisimulia anaongeza chumvi, mara ati nilipanda juu ya meza, mara ati nilimvua profesa saa ya mkono. Sikupanda meza. Na saa aliivua mwenyewe. Lakini hayo mengine yote ni kweli, aibu ni yangu, na mpaka sasa nikishuka treni pale mjini nikaliona lile jengo la matofali mekundu, najivutia mtandio usoni kama mtu aliyeiba kuku wa jirani.

Mimi shule niliiacha mapema, nilijua kusoma Biblia na kuandika jina langu, nikaolewa. Huku Birmingham nililetwa na binti yangu Rodah, ambaye ni nesi, nije nimshikie watoto, na watoto wenyewe sasa ni watu wazima. Mkubwa wao ni Naomi. Huyo ndiye aliyesoma mpaka vitabu vikamwishia akaanza kuviandika, na anachosomea (nimemuuliza mara nyingi, ananieleza kwa Kiingereza, nashika nusu) ni picha na kazi za mikono za Marekani, hasa za wale wenyeji waliokuwa kule kabla ya meli za Wazungu kufika: vikapu, shanga, mablanketi, picha walizochora juu ya ngozi. Sikumwelewa mwanzoni. Nilimwambia, "Mama, kwani vikapu vya kwetu vina kosa gani?" Akacheka, akasema, "Shosho," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "hivyo vina watu wao."

Basi mwaka juzi Naomi akapata jambo kubwa. Kuna shirika moja huko Marekani, kazi yake ni kutoa pesa ili wasomi wa mambo hayo wakutane, wakae pamoja, waonyeshane picha na wabishane. Hiyo tu! Niliposikia nilishangaa, maana sisi tukitaka kukutana tunakutana tu, mmoja analeta viazi mwingine analeta soda. Lakini Naomi alinieleza kwamba watu hao wanatoka mbali, kuna tiketi za ndege, kuna hoteli, kuna ukumbi, na zaidi ya yote alitaka waalikwe wenyewe wanaotengeneza hivyo vitu, wasizungumziwe wao hawapo. Hapo nilimwelewa sana. Kusengenywa kwa heshima bado ni kusengenywa.

Shirika likampa pesa, na mkutano ukawa wa siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, katika lile jengo la matofali mekundu la chuo chake. Pesa za shirika hazikutosha vitafunio vya chai, kwa hiyo Naomi akaniomba nikaange mandazi. Nikakaanga ndoo nzima, tukapanda treni hapa kwetu Erdington mimi na ndoo yangu, nikapewa kikoti cheupe na kachumba kadogo ka jikoni pembeni mwa ukumbi, kenye dirisha la kupitishia vikombe.

Sasa hilo dirisha ndilo lililoniponza.

Ijumaa mchana, nikiwa nasuuza vikombe, Naomi alikuja kusimama karibu na dirisha na mwenzake wa kazi, Daktari Gareth (si daktari wa sindano, ni wa vitabu, mrefu, mpole, anakula mandazi kama mtu wa kwetu). Nikamsikia Naomi anasema kwa sauti ya chini kwamba yule mama wa shirika, Bi. Patricia, aliyetumwa kutoka Marekani kuja kutazama, bado hajaamua. Kama hataona kwamba watu wa hapa wanaujali mkutano huu, mwaka ujao hakuna pesa, na pesa zisipokuwepo hakuna mkutano, na Josette na wenzake, wale wasusi walioalikwa, hawatakanyaga hapa tena. Daktari Gareth akamwambia asiwe na wasiwasi. Naomi akajibu, "Nina wasiwasi, Gareth. Angalia viti."

Nikachungulia. Kweli, viti vya nyuma vilikuwa vitupu vyote.

Na sauti ya mtoto ilikuwa inatetemeka. Haki ya Mungu, ningemuuliza tu pale pale, "Mama, nikusaidie nini?" tungemaliza. Lakini sikumuuliza. Niliendelea kusuuza vikombe huku kichwa kinachemka, nikajiambia: hili jambo dogo. Kwetu tumejenga kanisa kwa harambee, tumezika watu kwa harambee, Rodah mwenyewe kwenda kusomea unesi alichangiwa na kijiji. Na mfadhili ni mfadhili tu, awe mbunge, awe Mmarekani: akija akakuta wenyewe mmekunja mikono, naye anakunja yake, akikuta mmechanga, anaona haya, anachanga kubwa kuliko ninyi wote. Ndivyo tunavyomfanyia mgeni wa heshima siku zote. Bi. Patricia anataka kuona kwamba tunajali? Ataona.

Kwenye treni ya kurudi, Naomi akiwa amesinzia dirishani kwa uchovu, nikatuma sauti kwenye kundi la wasap la akina mama wa kanisa. Mama Furaha ndiye aliyejibu wa kwanza. Yeye ni wa Bukavu kule Kongo, ndiye mkubwa wa kwaya. "Maman Rodah, usiogope, kesho niko nakuya na batu ya chorale, tutaimba mpaka hao bazungu batoe hata bintu bamesahau mu mifuko!" Akafuata Mzee Hezron wa Northfield. Huyu ana kishamba chake cha kukodi cha halmashauri, na ndiye mpiga mnada wetu siku za mavuno, mtu anayeweza kukuuzia jani la sukuma wiki ukashukuru. Akasema, "Mama Rodah, mimi nitaleta boga."

Jumamosi wakaja. Mama Furaha na kwaya yake wamevaa vitenge vya sare vya rangi ya machungwa, Mzee Hezron na suti na tai na boga lake amelikumbatia kama mtoto wa ubatizo. Wakajaza viti vya nyuma vyote. Naomi alipogeuka kutoka kwenye projekta akawaona, machozi yakamlengalenga. Akanijia mbio. "Shosho! Umeleta watu kusikiliza?"

Nikasema, "Mm."

Akanikumbatia mbele ya kila mtu. Nikamwona Bi. Patricia naye amegeuka kwenye kiti chake cha mbele, mama mwembamba mwenye miwani ya kamba, anatazama zile nguo za machungwa na anatabasamu, na anaandika kitu.

Ndugu zangu, kazi ilikuwa imekwisha hapo. Ilikuwa imekwisha! Ningekaa chini tu. Viti vimejaa, mfadhili anatabasamu, mtoto ana furaha. Lakini mtu akishaleta boga, boga lazima liuzwe.

Aliyezungumza asubuhi hiyo alikuwa Josette, mama wa makamo, mnene kidogo, nywele amezisuka mkia mmoja mrefu mgongoni, wa watu wenyeji wa kaskazini kule Marekani. Yeye ni msusi wa vikapu. Kikapu chake kimoja kilikuwa mbele mezani juu ya kitambaa cheupe, kidogo cha kutosha kubebwa mkono mmoja, cha vipande vyembamba vya mti na nyasi zilizosokotwa, na hizo nyasi zina harufu tamu, ukipita karibu unageuka. Alieleza anavyopasua mti, nani alimfundisha, na miti inavyokufa kwa wadudu. Akina Mama Furaha walisikiliza wametulia kabisa. Alipomaliza tukapiga makofi, na mwenyekiti, Profesa Alistair, mzee wa ndevu nyeupe, akasema kuna dakika chache kabla ya chai.

Nikainuka. Nikamkonyeza Mama Furaha. Kwaya ikalipuka.

Sasa, kwa haraka ya asubuhi tulikuwa tumesahau kapu la sadaka. Nimefika mbele, kwaya inaimba, watu wote wananiangalia, sina cha kupokelea. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Na kikapu kiko hapo. Kitupu. (Najua. Najua! Nilikuwa nimetoka kumsikiliza mwenyewe akikieleza. Lakini mkono una akili yake.) Nikakichukua, nikatia pesa yangu ya kwanza, nikaanza kupita safu kwa safu nikiyumba kwa wimbo.

Na hakuna aliyenizuia! Baadaye ndipo tulipojua kwa nini. Profesa Alistair alifikiri ni jambo lililopangwa na Josette, sehemu ya maonyesho yake. Josette alifikiri ni desturi ya chuo. Daktari Gareth alifikiri Naomi amepanga asimwambie, naye Naomi alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza anahangaika na waya wa projekta, alisikia nyimbo akafikiri wageni wake wamefurahi. Basi watu wakatoa. Lakini Waingereza siku hizi hawatembei na pesa mkononi, wana kadi tu, wakawa wanajipapasa mifukoni wamefadhaika, mtu mmoja akatia sarafu ya plastiki ya kufungulia toroli ya dukani, binti mmoja aitwaye Imogen akatia kuponi ya kahawa, na Profesa Alistair, alipoona macho yangu hayamwondoki, akavua saa. Mnaona? Alivua mwenyewe.

Ndipo Mzee Hezron akapanda mbele na boga.

"Mabibi na mabwana," akasema kwa Kiingereza chake cha mwalimu mstaafu, "boga hili halikutoka dukani. Limekulia Northfield, kwa mvua ya Mungu. Nani ananifungulia?"

Mama Furaha akafungua. Mama Kezia wa Erdington akaongeza. Na hapo Bi. Patricia akainua mkono.

Nikasema ehe, mgeni wa heshima ameingia! Nikapiga kigelegele. Kumbe maskini ya Mungu alikuwa anaomba nafasi ya kuzungumza, kama wanavyofundishwa wenyewe, anyoshe mkono angoje aitwe.

"Mama wa miwani ameongeza!" akapaza Mzee Hezron.

Bi. Patricia akatikisa kichwa, akainua mkono juu zaidi.

"Ameongeza tena! Huyu mama ana moyo!"

Daktari Gareth akaona mama wa watu hapewi nafasi, akataka kumsaidia, naye akanyosha mkono wake mrefu kumwonyesha Mzee Hezron kwamba huyu hapa anataka kusema. "Na bwana mrefu anamshinda!" Bi. Patricia akainua mkono wa pili. Wakawa wanashindana wao wawili, wapole kabisa, kila mmoja anajitahidi kueleza, na bei ya boga inapanda kama moshi. Kwaya inashangilia. Mwisho Daktari Gareth akashusha mkono kwa kukata tamaa, na Mzee Hezron akagonga meza. "Limekwenda kwa mama wa miwani!" Akamwekea boga mapajani.

Angeishia hapo labda tungepona. Lakini mpiga mnada akishapata moto hatazami anachokishika. Alinipokonya kikapu mkononi pamoja na vilivyomo, akakiinua juu ya kichwa. "Na sasa, kikapu chenyewe!"

Nyuma ya meza Naomi akainuka. Sijawahi kuona uso kama ule. Akapiga kelele, "Hapana!" na mikono yote miwili juu.

"Mwenye mkutano mwenyewe!" akasema Mzee Hezron. "Kwa mikono miwili!"

Naomi akaniangalia mimi. Si Mzee Hezron, mimi. Kwaya ikanyamaza sauti moja moja, ya mwisho ikawa ya Mama Furaha, na ukumbi ukawa kimya kama kanisa la Jumatatu. Josette akatembea mpaka mbele. Akakipokea kikapu chake, akamimina mezani sarafu, kuponi na saa, akakitazama ndani, akapitisha kidole ukingoni. Uzi mmoja wa nyasi ulikuwa umekatika. Akaniuliza, si kwa ukali, "Wewe ndiye uliyekibeba?"

Nikasema ndiyo. Nikasema, kwa Kiingereza changu kibovu, kwamba nisamehe, mjukuu wangu alikuwa na shida ya pesa za mkutano, nikataka kumchangia.

Akakiinua kikapu mbele ya macho yangu. "Majira ya baridi mazima nilikisuka hiki," akasema. "Hakijawahi kutiwa hata kifungo cha shati." Kisha mdomo ukaanza kumcheza, akazuia, ukamshinda, akacheka mpaka akashika meza. Akasema kwao pia wanachangiana, wana ngoma yao ya hiyo kazi, lakini hawatumii kikapu cha watu! Wanatandika blanketi chini, watu wanacheza na kutupia. Na akavua blanketi alilojifunika mabegani, akalitandika sakafuni kunionyesha linavyotandikwa.

Kunionyesha tu. Mimi nilielewa. Kwaya haikuelewa. Mama Furaha akaliona blanketi chini, akapaza, "Ayaa, tuendelee!" na harambee ikaanza upya, na safari hii maprofesa nao wakacheza.

Nilikimbilia jikoni. Nikamkuta Naomi amekaa juu ya kreti ya maziwa, analia bila sauti. Nikamwambia, "Mama, mbona wanatoa vizuri?" Akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza, "Shosho, hii pesa hairuhusiwi."

Bi. Patricia akaingia na boga lake. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lilinitisha. Alieleza polepole ili nami nielewe. Mkutano unaolipiwa na shirika haukusanyi pesa kwa mtu yeyote, ni sharti, liko wazi. Na yeye, kama mjumbe wa shirika, haruhusiwi kununua kitu wala kupewa kitu pale anapokwenda kukagua. "Sasa nina boga," akasema. Itambidi aandike yote kwa wakubwa wake, na siku ya kuamua, yeye ambaye angemsemea Naomi, atatoka nje ya chumba, asionekane anapendelea. Pesa zirudishwe zote kwa wenyewe. Akaliweka boga kwenye sinki taratibu, akaniambia mandazi yalikuwa mazuri, akaenda zake.

Naomi akauliza, "Tutajuaje nani alitoa nini?"

Hilo nililijua. Mimi jina la mtu likiingia halitoki, ndiyo akili pekee niliyopewa. Nikasimama mlangoni nikawarudishia mmoja mmoja, saa kwa Alistair, kuponi kwa Imogen, na Jumatatu nikapanda treni kuwafuata waliokuwa wamekwisha kuondoka, mpaka ofisini kwao, nabisha hodi, nafungua kitambaa, naomba radhi. Wengi walicheka. Mmoja, Bi. Hilary, alikataa kupokea, ikabidi nimwachie chini ya kikombe chake nikimbie.

Kisha tukangoja jibu la shirika, miezi mizima. Hiyo miezi sitaisahau. Naomi hakunigombeza hata siku moja. Alianza kuniamkia "shikamoo" kila asubuhi, kwa adabu, kama mtu anayeamkia mama wa rafiki yake. Afadhali angenitukana. Rodah akaniambia, "Mum, mpe nafasi," nami nikampa nafasi mpaka nyumba ikawa kubwa.

Jibu lilipokuja Naomi alikuwa sebuleni. Akasoma simu yake, akasoma tena, akaja kusimama mlangoni pa chumba changu. "Wamekubali," akasema. "Siku moja, si mbili. Itabidi nichague wa kumwalika."

"Na Josette?"

"Josette wa kwanza."

Nilifungua mdomo nipige kigelegele, nikaufunga. Akaona. Akaja akakaa kitandani kwangu, akanilalia begani, na hilo lilitosha.

Josette alikuja. Ule uzi uliokatika alikuwa ameshausuka upya, Naomi aliniambia. Mimi sikwenda. Sikualikwa, na sikuuliza.

Tangu hapo nimejiwekea sharti langu mwenyewe, maana nami sasa nina masharti kama shirika: mtu akinieleza shida, kabla sijashika simu, kabla sijamwita Hezron, kwanza namuuliza anataka nini. Juzi Rodah alitoka zamu, akatupa mkoba, akaanza kunieleza anavyosumbuliwa na mkubwa mpya wa wodi, mambo ya kuudhi kweli, na mimi vidole vinaniwasha, kichwani nimeshampeleka Mama Furaha na kwaya nzima hospitali. Nikajizuia. Nikamuuliza, "Mama, unataka nikusaidie, ama unataka nikusikilize?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Nisikilize tu, Mum."

Basi nikamsikiliza. Alisema mpaka akamaliza. Chai niliyokuwa nimeibandika ilichemka ikafurika, ikazima jiko, ikashuka mpaka sakafuni, na mimi naiona, na sikuinuka.